Kubana Faili la Masomo

Ronah alilichoka lile faili kabla watu wengine hawajaliona. Alilitengeneza mwenyewe katika chumba cha nyuma cha kituo cha walimu mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, chumba cha mabati yasiyo na dari, ambacho jua likishapanda kilikuwa hakikaliki. Kompyuta ilikuwa ikipata joto, feni yake ikilia kama nyuki waliofungiwa, na Ronah akifuta jasho kwa upindo wa leso huku akisubiri mstari wa kijani utambae hadi mwisho.

Lilikuwa faili moja tu, lakini ndani yake mlikuwa na diski nzima. Mlikuwa na mfumo wa kuendeshea kompyuta, vitabu vya shule ya msingi, ramani, video za majaribio ya sayansi, na hadithi zilizosomwa kwa sauti kwa Kikonzo, lugha ya wenyeji wa milima ile. Watu wa kazi hiyo huita faili la namna hiyo imeji. Mwalimu alitakiwa kulipakua kutoka kwenye mtandao, kuliandika kwenye flashi kwa programu maalumu, kisha kuchomeka flashi kwenye kompyuta yoyote kuukuu ya shule na kuiwasha. Kompyuta ingeamka kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichokuwa kwenye diski yake. Ulikuwa mwaka 2016, na shule nyingi za milimani zilikuwa zimepewa kompyuta za msaada ambazo hazikuwa na kitu ndani ila vumbi.

Shida ilikuwa ukubwa. Faili lilikuwa kubwa mno, na intaneti ya huku unaijua: inakuja kama mgeni, inakaa kidogo, inaaga. Simu hazikuisha. Mwalimu Semu alipiga kutoka Ibanda kusema limefika karibu na mwisho likakatika. Mwenzake Vasta alipiga kutoka Bugoye kusema limekatika mara ya tatu, na sasa mwanawe anamcheka. Ronah aliwapa pole wote, akawaambia wajaribu asubuhi na mapema, watu wakiwa bado hawajaingia mtandaoni. Alisema hivyo mara nyingi hata maneno yenyewe yakawa hayana ladha mdomoni.

Aliyekuwa akifanya kazi naye ni Jonan, kijana mrefu mwenye haraka, aliyesimamia ukurasa wa kituo kwenye mtandao. Mchana mmoja alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Tulibane," alisema. "Nimejaribu. Linapungua kupita nusu."

"Wakishalipata watalifungua na nini?"

"Na programu. Ziko za bure."

"Mtu ameshindwa kupakua kitu kimoja, unamwambia akapakue cha pili cha kufungulia cha kwanza." Ronah hakuinua macho. "Halafu akishafungua anahitaji nafasi mara mbili, ya lile lililobanwa na ya lile lililofunguliwa. Zile kompyuta, Jonan, diski zake ni ndogo kama kibiriti."

"Nyabo, dada yangu, sasa hivi hawana lolote. Lisilofika litafunguliwa vipi?"

Ronah alijua njia ya tatu, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Faili lilikuwa likibanika vizuri hivyo kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa tupu. Alipolitengeneza aliacha nafasi nyingi ili mwalimu apate mahali pa kuweka kazi za wanafunzi, na ule utupu nao ulihesabiwa ndani ya imeji, ukapakuliwa kama vile ni vitabu. Dawa yake ilikuwa kuukata utupu kabisa, kisha kuifundisha flashi ijipanue yenyewe siku ya kwanza inapowashwa. Alishajaribu mara moja. Imeji iligoma kuwaka, ikaonyesha kioo cheusi na kistari kinachopepesa. Kujaribu tena kulitaka majuma ya kutengeneza, kuandika, kuwasha, kushindwa, kurudia.

Na majuma alikuwa hana. Mama yake miguu ilikuwa imemkataa, na ile plot ya mpunga waliyokodi kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku ilikuwa haisubiri mtu apone. Kila alfajiri Ronah alikuwa majini, akifungua mfereji na kufukuza ndege, kisha anaoga, anavaa viatu, anakuja kituoni huku mgongo ukimwuma kama wa bibi kizee.

"Bana," alimwambia Jonan. "Bana tu. Mimi nimechoka."

Faili lilibanwa. Jonan aliondoa lile kubwa kwenye ukurasa ili kupata nafasi kwenye seva, akaweka dogo. Ronah aliandika maelezo ya kulifungua na kuliandika kwenye flashi, na chini kabisa akaongeza onyo, yote kwa Kiswahili, maana walimu wa mpakani Kiingereza kilikuwa kinawapiga chenga. Baada ya hapo simu zilipungua. Semu alilipata. Vasta alilipata, akatuma picha ya darasa zima limeizunguka kompyuta moja. Jonan alitembea siku kadhaa kifua mbele, na Ronah hakuona sababu ya kumshusha.

Kisha akapiga Mwalimu Xavier.

Xavier alikuwa Mkongo wa upande wa Beni, Mkatoliki wa kufa na kuzikana na parokia yake, aliyevuka mpaka na mkewe Chérie baada ya watu kuanza kuchinjwa mashambani. Sasa alikuwa anafundisha watoto wa wakimbizi wenzake katika ukumbi wa kanisa pale Bwera, mpakani. Ronah alikuwa amekutana naye mara moja kwenye semina. Wazazi wa Ronah walikuwa Wanyankole waliofuata maji ya Mubuku, na Kikonzo chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo yeye na Xavier waliongea Kiswahili, kila mmoja cha kwao.

"Madame Ronah, ile fishiye, ile faili yako, imeingia!" Xavier alisema kwa furaha, na nyuma yake zikasikika kelele za watu. "Yote! Mi niko hapa ku kafe ya intaneti ya Mbambu, bantu beko nanitazama sababu niko nacheka peke yangu."

"Hongera, mwalimu. Sasa fuata maelezo pole pole."

"Pole pole, sawa."

Siku iliyofuata alipiga tena, na safari hii sauti ilikuwa chini.

"Madame, batoto beko nasoma, flashi inafanya kazi muzuri. Lakini iko kitu moja imeharibika. Haiko kosa yako. Kama unaweza kuja, uje. Kama hauwezi, sawa tu."

Ronah alimwuliza ni kitu gani. Xavier alisema ni kitu cha kuonana, si cha simu.

Jumamosi Ronah aliwaachia majirani mpunga, akamwekea mama yake chakula kitandani, akashuka kwenda Bwera. Alifika ametapakaa vumbi hadi kwenye kope. Soko lilikuwa limefurika watu wa pande zote mbili za mpaka, na ilimbidi apenye kati ya mafurushi ya vitenge na magunia ya samaki wakavu kabla hajaiona nyumba ya Xavier, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la unga.

Chérie alimkaribisha ndani, akamletea maji ya kunawa na sahani ya ndizi za kuchemsha na maharage. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiyesema sana. Xavier alisubiri mpaka mgeni amalize kula. Ndipo alipoweka kompyuta mezani, laptopu nzee iliyofungwa bawaba kwa waya.

"Kule kwetu mi nilikuwa mukubwa wa kwaya," alianza. "Na mbele yangu, baba yangu. Baba alitunga nyimbo mingi. Hakuandika hata moja. Alikuwa anaimba, tunashika, basi. Mwaka ule wa mwisho nikasema, hapana, baba amezeeka, tuzirekodi. Tukazirekodi na telefone, siku za répétition, za mazoezi, nikaziweka humu." Aliigusa laptopu. "Baba akafa. Vita ikakuja. Kwaya ikatawanyika."

Ronah alianza kuelewa, akatamani asielewe.

Xavier alieleza yaliyobaki bila kupandisha sauti. Lile faili dogo liliingia vizuri, lakini alipotaka kulifungua kompyuta ilikataa, ikisema hakuna nafasi. Akatazama ni kitu gani kinachokula nafasi, akaona ni nyimbo. Akazinakili zote kwenye flashi yake, flashi kubwa ya pekee aliyokuwa nayo, akahakikisha zinaimba, kisha akazifuta kwenye kompyuta. Nafasi ikapatikana. Faili likafunguka, likawa kubwa kama lilivyozaliwa. Baada ya hapo maelezo yalimwambia achomeke flashi kubwa ili aandike imeji. Akachomeka ile ile.

"Lakini niliweka onyo," Ronah alisema, na papo hapo akajuta. "Niliandika kwamba programu itafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi."

"Nilisoma." Xavier alitikisa kichwa. "Programu itafuta kila kitu. Nikawaza, muzuri, itafute tu. Itafute, itaona nyimbo zangu, itaziweka pembeni."

Ronah alilirudia neno hilo moyoni. Neno alilolichagua yeye, akalisoma na kulipitisha mara tatu, mtu wa kwao Xavier angeweza kulisoma hivyo na asiwe mjinga hata kidogo. Aliandika habari ya kufuta, na mwenzake akasoma kutafuta.

"Ni mimi niliyekubali libanwe," alisema hatimaye. "Kama lingekuwa lile kubwa, usingehitaji nafasi ya kulifungua. Usingezitoa nyimbo."

"Kama ingekuwa ile kubwa, singeipata milele. Nilijaribu, madame. Kwa Mbambu walikuwa bananifukuza, naziba barabara yote ya intaneti. Ile kidogo njo ilifika." Alitabasamu kwa uchovu. "Sikukuita nikugombeze. Nimekuita sababu wewe ni fundi."

Ronah alitoa kompyuta yake mkobani. Alianza na flashi, ingawa alijua. Imeji ilikuwa imeijaza flashi kutoka mwanzo hadi mwisho. Vitabu na ramani vilichukua sehemu ya mbele tu. Sehemu ya nyuma, ambayo nyimbo zingeweza kupona, ilikuwa imeandikwa ule utupu wake, sifuri juu ya sifuri, kwa uaminifu wote. Hiyo ndiyo nafasi aliyoiacha kwa ajili ya kazi za wanafunzi, ile aliyoona uvivu kuikata. Iliposafiri ilibanwa ikawa si kitu. Ilipofunguliwa ikarudi na ukubwa wake wote, ikawalalia wazee wa kwaya ya Beni.

Hakumwambia Xavier habari hiyo. Alisema tu, "Kwenye flashi hakuna," akahamia kwenye laptopu.

Kwenye laptopu kulikuwa na tumaini kidogo. Faili likifutwa halitoki mara moja. Mahali pake panahesabiwa kuwa wazi, na linabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Imeji iliyofunguliwa ilikuwa imeandikwa juu ya mengi, lakini pengine si yote. Ronah aliwasha programu ya kuchimbua mabaki, na wote watatu wakakaa kuitazama, kama watu wanaongoja daktari atoke chumba cha ndani. Nje wauza samaki walikuwa wanaitana. Joto lilizidi. Chérie aliwapepea nzi kwa gazeti, na mara mbili Ronah alisinzia akiwa amekaa, kidevu kikamdondokea kifuani, akashtuka na kuomba radhi.

"Lala, mama," Chérie alisema. "Mashini haijui kama unaitazama."

Mabaki yalipotoka hayakuwa na majina, ila namba tu. Ikabidi wayasikilize moja moja. La kwanza lilikuwa mkwaruzo mtupu. La pili vile vile. La tatu lilianza na mtu anayekohoa, na mzee akasema kitu kwa Kinande, lugha ya kwao Beni, kisha sauti zikapanda zote kwa pamoja, zikajaza kile chumba kidogo.

Xavier alifunika uso kwa mikono.

"Huyo ni Sophie," Chérie alisema, akiinua kidole. "Anaingia mbele ya wenzake. Siku zote. Baba mukwe alikuwa anamupigia meza amusimamishe."

"Yuko wapi sasa?" Ronah aliuliza.

"Sijui. Wanasema Goma. Wengine wanasema hayuko tena."

Wimbo ulifika katikati ukakatika, ukafuata mlio kama wa karatasi inayochanwa. Waliusikiliza huo mlio hadi mwisho, wakidhani pengine wimbo utarudi. Haukurudi. Waliendelea hivyo alasiri nzima. Nyimbo chache zilitoka salama. Nyingine zilikuwa vipande, kiitikio bila mwanzo, au mwanzo bila kiitikio. Zilizobaki hazikuonekana kabisa. Xavier alizitaja moja moja kwa majina, taratibu.

Ronah aliweka yaliyopatikana kwenye flashi mbili, moja akampa Xavier na nyingine Chérie, na nakala ya tatu akaibakiza kwenye kompyuta yake. "Msitumie hizi kwa kitu kingine chochote," alisema. "Hata kama ni mimi niliyewaambia."

"Aksanti, madame," Xavier alisema. "Umezileta zile ulizoweza."

Angemtukana, Ronah angepata pa kujitetea. Aliaga, akarudi Kasese.

Jumatatu Jonan alimkuta amelifungua faili la asili na kuanza kulipasua. Ronah alimsimulia yote. Jonan alivuta kiti. Alikaa akizungusha kalamu.

"Kwa hiyo tusibane tena?" aliuliza.

"Kubana si kosa. Kosa ni kwamba tulibana upepo." Ronah alisugua macho. "Tutaukata. Kikibaki chakula peke yake, hakuna haja ya kukikandamiza; video na sauti hazibaniki zaidi ya hapo zilipo. Litapakuliwa kama lilivyo na kuandikwa kama lilivyo."

"Na kama likigoma kuwaka kama lile la kwanza?"

"Litagoma. Tutarudia."

Liligoma kweli. Liligoma kwa namna ambazo Ronah hakujua kuwa zipo. Kuna toleo lililowaka kwenye kompyuta moja likakataa kwenye nyingine, na kuna lililojipanua vizuri kisha likasahau lugha zote. Asubuhi alikuwa mpungani, mchana alikuwa mbele ya kioo cheusi. Mara moja aliweka kichwa juu ya meza na kulia kidogo, si kwa huzuni hasa; ni vile mwili unavyodai haki yake. Jonan alitoka nje akafunga mlango taratibu, akarudi na chapati na chai. Tangu siku hiyo kazi ya kuandika flashi na kuzijaribu aliichukua yeye, bila kuambiwa, na hakutaja tena habari ya kwenda haraka.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, toleo moja likawaka kila mahali walipolijaribu. Faili jipya lilikuwa kubwa kidogo kuliko lile lililobanwa, na dogo mno kuliko lile la kwanza. Jonan alipiga hesabu, akasema kwa aibu kwamba likibanwa lingepungua tena, ingawa si sana.

"Kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Acha," Ronah alisema.

Kabla halijawekwa hadharani alimpigia Xavier, akamwomba amsomee maelezo kwa sauti, neno kwa neno, na aseme anaelewa nini. Onyo sasa lilikuwa juu kabisa. Xavier alisoma: "Kila kitu kilicho kwenye flashi kitapotea na hakitarudi. Kiweke kwanza mahali pengine pawili." Akalirudia onyo lote. "Hii naelewa," alisema. "Hii hata mutoto anaelewa."

Walimu hawakusifu sana. Wengine waliuliza kwa nini faili limekuwa kubwa tena, na Vasta aliandika kwamba lile la kubanwa alikuwa ameshalizoea. Ronah aliwajibu wote kwa upole. Alishaacha kutegemea kwamba ipo namna moja ya kugawa kitu ambayo haitamwumiza mtu yeyote.

Baada ya mavuno alikwenda Bwera na flashi kadhaa zilizoandikwa tayari, kwa ajili ya wale ambao hata faili jipya lingewashinda. Ilikuwa Jumapili. Alifika misa ikiendelea, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, mahali penye upepo. Mbele Xavier alikuwa amesimama na watu wachache, wengine Wakongo, wengine wenyeji, akiwaongoza kwa mkono mmoja.

Wakati wa komunyo waliimba wimbo uliomshangaza Ronah. Ulikuwa unazunguka chini chini, haupandi, kama mtu anayeongozana na mwenzake asiyeonekana. Walimaliza kimya kimya, na waumini wakabaki wakitazamana.

Misa ilipotoka alimwuliza Chérie ni wimbo gani ule.

"Ule ni wa baba mukwe, ule haukupatikana," Chérie alisema. "Sauti ya kwanza, ile inabeba wimbo, hakuna mutu anaijua tena, hata Xavier. Mi nilikuwa naimba ya pili, njo ninayoikumbuka. Basi nikawafundisha ya pili."

"Wote?"

"Bote. Xavier anasema siku moja mutu atavuka mpaka anaijua ya kwanza." Alichukua mkoba wa flashi mkononi mwa Ronah, akautia kwapani. "Twende ukule. Umekonda."

Ronah alimfuata. Miguu ilikuwa mizito, na jua la Bwera lilikuwa halina huruma, lakini chakula kilikuwa tayari, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakukuwa na mtu aliyekuwa akimsubiri kwenye simu.